Droni ya kupima skimu ya mpunga, hekta 600 Usangu: kopta au ya mabawa, na alama ngapi ardhini?

MchoraMifereji

Wakuu, habari za kazi.

Kuna skimu ya mpunga bonde la Usangu, upande wa Mbarali, inayotakiwa kupimwa upya kabla ya kusanifu mifereji ya upili. Eneo ni hekta 600, karibu kilomita 3 kwa 2. Kinachotakiwa ni ortofoto (picha ya angani iliyonyooshwa hadi inapimika kama ramani) na kontua, yaani mistari ya kimo sawa, za kila sentimita 25. Ardhi ni bapa kabisa, mteremko ni kati ya nusu mita na mita moja kwa kilomita, kwa hiyo kimo kikikosewa sm 20 tu maji yanaweza kuelekezwa yasikofika.

Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua kazi hii. Kopta yenye RTK (masahihisho ya setilaiti ya papo hapo, kwa usahihi wa sentimita), kama Mavic 3 Enterprise, inatosha au eneo hili linadai ndege ya mabawa? Wauzaji wanasema ukiwa na RTK huhitaji alama ardhini, yaani nukta zilizopimwa zinazoonekana kwenye picha. Je, ni kweli kwa kazi ya maji? Halafu ramani ya zamani ya skimu ikiwekwa juu ya picha ya setilaiti inakaa pembeni kwa karibu mita 300, na bikoni zake (vigingi vya upimaji) bado zipo shambani. Nianzie wapi?

---

BawaNaPropela

Mkuu, anza na hesabu ya picha, ndege itajichagua yenyewe.

Kamera ya Mavic 3 Enterprise ina pikseli 5280 kwa 3956, kila pikseli mikromita 3.3, na fokasi ya lensi ni mm 12.3 hivi. Ukubwa wa pikseli ardhini ni kimo cha kuruka mara ukubwa wa pikseli, gawa kwa fokasi. Kwa mita 100 unapata sm 2.7. Picha moja inafunika mita 142 kwa upana na 106 kwa urefu wa njia. Picha zikipandana 80% mbele na 70% pembeni, mistari inakaa mita 43 kutoka mmoja hadi mwingine na picha inapigwa kila mita 21. Kwenye eneo lako hiyo ni mistari 47 ya kilomita 3, jumla kilomita 141 na picha kama 6,600. Kwa kasi ya mita 12 kwa sekunde ni saa 3 na robo angani, bila kuhesabu kona.

Sasa weka ndege ya mabawa inayopaa wima, yenye kamera ya megapikseli 42 na lensi ya mm 35, mfano WingtraOne. Kwa mita 120 pikseli ni sm 1.5, lakini picha inafunika mita 123 tu kwa upana. Mistari inakaa mita 37, inakuwa 54, jumla kilomita 162. Kwa mita 16 kwa sekunde ni saa 2 na dakika 50. Yaani bei imepanda mara nyingi na umeokoa nusu saa. Sababu ni kikomo cha kimo: futi 400, kama mita 120. Ndege ya mabawa yenye lensi ndefu inang'ara ikiruka juu zaidi ya hapo, na ikiwa na maelfu ya hekta mbele yake. Ndiyo maana kazi ya kupiga picha Unguja na Pemba yote kuanzia 2016 ilifanywa kwa eBee: pale eneo lilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 2,400, ndege inarushwa kwa mkono, nyepesi, na inakaa angani muda mrefu. Kwa hekta 600 kopta inatosha.

Jambo jingine ni kutua. Ndege za povu za aina ya eBee zinatua kwa tumbo na zinahitaji kipande kirefu kilicho wazi. Kwenye majaruba kila mita chache kuna tuta, na tuta kavu la mfinyanzi linavunja povu na kugonga lensi. Kopta inatua juu ya turubai la mita moja.

Ila usiirushe mstari mmoja mzima wa kilomita 3. Droni ya kilo moja huioni ikishapita kama mita 500, na kanuni zinataka uione. Gawa eneo vipande 10 vya hekta 60, kila kimoja mita 1,000 kwa 600, ukirushia katikati ya kipande. Kila kipande kinahitaji mistari 14, ongeza 3 ili kipandane na jirani yake, inakuwa kilomita 17, dakika 24 pamoja na dakika kadhaa za kona. Hiyo ni betri moja. Kiwanda kinasema dakika 45, lakini hiyo ni bila upepo na hadi betri iishe. Wewe panga 30 na urudi ikibaki 25%. Betri 5 na jenereta ndogo ya inveta ya kilowati 1 zinakutosha kwa siku mbili za asubuhi.

Shata iwe 1/1000 au kasi zaidi. Kwa mita 12 kwa sekunde ndege inasogea sm 1.2 shata ikiwa wazi, chini ya nusu pikseli. Ukiiacha kamera ijichagulie ikashuka 1/500 kwa sababu ya wingu, unasogea sm 2.4, karibu pikseli nzima, na alama zako zinakuwa na kingo za ukungu. Na usikubali kukodishiwa droni yenye shata ya kielektroniki pekee. Hiyo inasoma picha mstari kwa mstari. Usomaji ukichukua sehemu ya thelathini ya sekunde, ndege imeshasogea sm 40 kati ya juu na chini ya picha ileile.

---

Jiodesia_Nyanda

Naongeza upande wa koordineti, maana hapa ndipo kazi za umwagiliaji zinaharibikia, na ukiangalia ortofoto huoni kosa lolote.

Mita 300 unazoziona ni tofauti ya datumu, yaani msingi ambao koordineti zinahesabiwa kutokea. Ramani ya zamani iko kwenye Arc 1960, inayotumia ellipsoidi (umbo la hesabu la dunia) ya Clarke 1880. Picha ya setilaiti iko kwenye WGS 84. Kwenye programu ya ramani ya QGIS ipe ramani ya zamani mfumo wa koordineti namba EPSG 21036, na kazi mpya 32736. Zote ni UTM zoni ya 36 kusini, kwa kuwa Mbarali iko magharibi ya meridiani ya 36. Waliozoea kazi za Dar es Salaam na Morogoro huchagua 37 kwa mazoea, wakashangaa ramani imeenda wapi.

Lakini usiridhike na mageuzi ya jumla ya programu. Vigezo vinavyotumika kwa Kenya na Tanzania kwa pamoja, yaani mhamo wa mita −160, −6 na −302 kwa mihimili mitatu, vimetafutwa kwa wastani wa nchi mbili, na kwa sehemu moja vinaweza kukosea mita nyingi. Chukua bikoni 4 za zamani zilizo pembe tofauti, zipime kwa GNSS (kipokezi cha setilaiti kama za GPS), kokotoa mhamo wa eneo lako mwenyewe. Kabla ya hapo linganisha umbali kati ya bikoni na ule ulioandikwa kwenye ramani. Bikoni iliyo kando ya mfereji mkuu huenda ilisukumwa na greda miaka iliyopita na bado imesimama wima. Ikikataa umbali na wenzake watatu, iache.

Kuhusu bezi, kipokezi kinachokaa mahali pamoja na kutuma masahihisho: simika kigingi kimoja kipya cha zege, mahali pasipo na miti wala bati, weka rova (kipokezi cha kutembea nacho) juu yake irekodi kwa saa 6, kisha tuma faili la vipimo ghafi, RINEX, kwa huduma ya mtandaoni ya kukokotoa koordineti, ya PPP kama CSRS-PPP au kwa AUSPOS. Zote hazilipiwi na zinafanya kazi duniani kote. Subiri siku moja au mbili ili obiti za setilaiti ziwe zimesafishwa. Utakachopata ni koordineti za leo za ITRF, fremu ya dunia nzima. Kumbuka ardhi yenyewe inasogea kuelekea kaskazini-mashariki karibu sm 3 kwa mwaka, kwa hiyo bikoni iliyopimwa hivyo miaka kumi iliyopita itatofautiana na jibu lako kwa karibu sm 30, na wote wawili mko sahihi. Chagua fremu moja, iandike kwenye ripoti pamoja na tarehe, usichanganye.

Kosa linalorudiwa kuliko yote: bezi inawashwa shambani, inajitafutia mahali ilipo yenyewe, droni inapata FIX ya kijani (ishara kwamba RTK imekamata) na programu inaonyesha usahihi wa sm 1 hadi 2. Hizo sm 2 ni kutoka kwenye bezi. Bezi yenyewe inaweza kuwa imekosea mita 2 au 3, na ramani nzima imehama pamoja nayo. Siku ya pili ukiwasha tena, inajipa koordineti nyingine, vipande vya jana na leo havikutani. Ingiza koordineti za kigingi kwa mkono kila asubuhi, na angalia kifaa chako kinataka kimo cha kigingi au cha antena. Kwenye fimbo ya kawaida hiyo ni tofauti ya karibu mita 1.8. Andika pia kama kimo cha antena kimepimwa wima au kwa mshazari. Kwenye tripodi namba hizo mbili hazilingani, na hutakumbuka ulipima ipi ukifika ofisini.

Sasa kimo chenyewe. GNSS inakupa kimo juu ya ellipsoidi, umbo la hesabu tu. Maji yanafuata geoidi, yaani uso wa usawa wa bahari ukiendelezwa chini ya nchi kavu. Huku kwetu geoidi iko chini ya ellipsoidi. Pwani ya Dar es Salaam tofauti inapita mita 20. Tofauti hiyo ingekuwa ileile eneo zima isingekusumbua, lakini geoidi nayo ina mteremko wake. Ikiinama sekunde 10 za pembe dhidi ya ellipsoidi, ni sm 5 kwa kila kilomita. Mfereji wako unashuka sm 50 kwa kilomita. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mteremko wote imepotea au imeongezeka kwa hewa, na kwa kilomita 3 ni sm 15. Usangu iko chini ya ukingo wa bonde la ufa, mahali ambapo sitathubutu kudhani geoidi ni bapa.

Kwa hiyo tumia modeli ya geoidi ya EGM2008 kama mwanzo, kisha pitisha levo (darubini ya kusomea vimo kwenye fimbo). Anzia kizingiti cha banio, maana ndicho kinachoamua maji yanaingia kwa kimo gani, zungusha levo hadi alama zako za ardhini angalau 6 zilizosambaa, ufunge mahali ulipoanzia. Kikomo cha kosa la kufunga kiwe mm 12 mara kipeuo cha pili cha kilomita. Kwa mzunguko wa kilomita 10 ni mm 38. Tofauti kati ya levo na GNSS kwenye alama hizo zinapaswa kulalia bapa moja lililoinama. Alama moja ikijitenga kwa sm 5, kuna aliyesoma fimbo vibaya.

---

Rubani_Igurusi

Vibali msivisahau, vinachukua muda mrefu kuliko kuruka kwenyewe. Droni isajiliwe TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na safari iombewe kibali huko, pamoja na idhini ya upande wa ulinzi. Anza miezi kabla. Toa taarifa serikali ya kijiji na kituo cha polisi. Na angalieni mpaka wa kaskazini: eneo la hifadhi ya Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na hifadhini hupitishi droni bila ruhusa ya TANAPA, hata kona ya mstari tu. Chora uzio wa kielektroniki kwenye programu ya kuruka ili droni isivuke. Kazi ikiwa ya mipaka ya viwanja, lazima iwe chini ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Kwa usanifu wa mifereji pia ni vema, maana ndiye atakayesaini vimo.

Mwewe wapo wengi. Akianza kuizunguka droni, ipandishe wima. Kushuka kunampa nafasi ya kuivamia kutoka juu. Betri zilizotoka angani ziweke kivulini dakika 20 kabla ya kuchaji, zikiwa za moto chaja inakataa.

---

AlamaNyeusi

Swali la alama ardhini: jibu ni kwamba RTK inapunguza idadi, haiziondoi. Sababu iko kwenye kamera.

Programu inakokotoa fokasi ya lensi yenyewe kutoka kwenye picha. Ukiruka kimo kimoja juu ya ardhi bapa, kamera ikitazama chini tu, programu haiwezi kutenganisha vizuri fokasi na umbali wa ardhi. Fokasi ikikosewa sehemu moja ya elfu, ardhi inapanda au kushuka sm 10 kutoka mita 100. RTK inajua kamera iko wapi, haijui lensi imepata joto na kubadilika. Alama moja tu iliyopimwa vizuri inafichua kosa hilo mara moja.

La pili ni baya zaidi kwa kazi yako: upotofu wa lensi usipokokotolewa sawasawa, ardhi bapa inatoka imebonyea katikati kama sinia, au imevimba. Kwenye milima huoni. Kwenye skimu ya mpunga, sm 15 za kubonyea katikati zinakupa bwawa ambalo halipo. Dawa ni mbili, zitumie zote. Rusha mistari michache ya kukatiza, 4 au 5 kwa kila kipande, kwa mita 120 badala ya 100, na kamera iinuliwe nyuzi 20 hadi 25 kutoka wima. Kisha weka alama katikati ya eneo, siyo pembezoni tu.

Kwa hekta 600 zenye RTK au PPK nzuri (masahihisho hayohayo yakifanywa baada ya kuruka), alama 12 za kurekebishia na 10 za ukaguzi. Hizo 10 usiziingize kwenye hesabu kabisa. Ndizo zinazokuambia ukweli. Bila RTK ungehitaji zaidi ya 30. Nne ziwe pembe, nne katikati ya kingo, zilizobaki ndani. Ziweke sakafuni mwa jaruba, mahali palipo bapa kwa mita 2 kila upande. Juu ya tuta usiweke: ukikosa kubofya katikati kwa pikseli 2, kimo kinateleza.

Vibao vya sm 60 kwa 60, miraba minne, miwili nyeusi na miwili ya kijivu hafifu isiyong'aa. Nyeupe tupu jua la saa sita linaichoma, kingo zinavimba kwenye picha na katikati inapotea. Lakini baada ya mavuno ng'ombe wanaingia kula mabua, na kibao kizuri cha plaiwudi kinamfaa mtu nyumbani. Msalaba wa chokaa unadumu zaidi: mikono ya mita 1, upana sm 15, na msumari wa inchi 6 umepigwa katikati hadi kichwa kilingane na ardhi. Unapima kichwa cha msumari. Ng'ombe wakikanyaga chokaa, unapaka upya juu ya msumari uleule.

Kila alama ipimwe mara mbili, saa tofauti ili setilaiti ziwe zimehama, dakika 3 kila mara, fimbo ikishikiliwa na stendi ya miguu miwili na siyo mkono. Kubali tofauti ya sm 2 kwa mlalo na sm 3 kwa kimo. Ikizidi, rudia mara ya tatu. Usichukue wastani wa namba mbili zinazogombana.

---

MchoraMifereji

Nashukuru sana wakuu. Bado mambo mawili. Msimu na saa ya kuruka, maana mabua ya mpunga yanabaki sm 20 hadi 30. Na kompyuta iliyopo ina RAM ya GB 32, je, picha 6,600 zitachakatika? Pia naomba kujua kama kontua za sm 25 kweli zinafikika kwa picha, au nimwambie mhandisi apunguze matarajio.

---

Wingu_la_Nukta

Zinafikika, kwa masharti. Kontua ya sm 25 inataka kosa la wastani la kimo, RMSE, lisizidi sm 7.6, ni kontua gawa kwa 3.29, ili 90% ya nukta ziwe ndani ya nusu kontua. Kazi ya picha iliyofanywa vizuri inatoa mara 1.5 hadi 3 ya pikseli, yaani kati ya sm 4 na 8 kwa pikseli ya 2.7. Uko ukingoni. Shuka hadi mita 80 kama muda upo, pikseli inakuwa sm 2.1, na mistari inaongezeka kwa robo. Lakini ukizembea mabua, hesabu yote hiyo haina maana.

Mabua ya sm 25 yaliyosimama yanainua uso wa ardhi kwa sm 10 au zaidi, na hayainui sawasawa: jaruba lililoliwa na ng'ombe linaonekana chini kuliko jirani yake ambaye hajaliwa, ilhali yako sawa. Hakuna kichujio kitakachorekebisha hilo, kwa sababu kamera haikuiona ardhi. Kwa hiyo ruka Septemba au Oktoba, baada ya mifugo kupita na kabla ya mvua. Palipobaki mabua marefu, yalazwe au yakatwe, au pima nukta 20 kwa rova ndani ya majaruba hayo upate tofauti ya kila moja.

Saa: kuanzia saa 2 na nusu asubuhi hadi saa 5. Mapema zaidi vivuli vya matuta ni virefu na vinahama kati ya kipande na kipande. Baada ya saa 5 ardhi tupu ya Usangu inachemka, vimbunga vya vumbi vinaanza, na kopta inapambana. Kuna pia tatizo ambalo wenzetu wa nchi za baridi hawalijui: miezi hiyo jua liko karibu kabisa utosini adhuhuri, na kwenye kila picha kunatokea doa angavu pale kivuli cha droni kinapoangukia. Programu inashindwa kulinganisha nukta hapo. Siku wanapochoma mabua, acha. Moshi mwepesi unakula nukta bila wewe kugundua.

RAM ya GB 32 haitabeba picha 6,600 kwa mkupuo. Kwenye programu ya WebODM tumia chaguo la kugawa, mafungu ya picha 400 yenye mpandano wa mita 150, iache usiku kucha. Kwenye Metashape linganisha picha zote pamoja kwanza, hatua hiyo ni nyepesi, rekebisha kamera kwa alama, kisha ndipo ugawe vipande kwa ajili ya wingu la nukta, yaani nukta nyingi zenye vimo zinazotolewa kwenye picha. Usigawe kabla ya kulinganisha: kila kipande kitajitafutia fokasi yake na mipakani utaona ngazi ya sm 5 hadi 10.

Mpangilio wangu ni huu. Badilisha vimo vya picha na vya alama viwe vya mfumo mmoja kabla ya kuingiza. Picha huja na kimo cha ellipsoidi, alama zikiwa na vimo vya levo programu inazivuta pande mbili. Linganisha. Bofya kila alama kwenye picha zisizopungua 8, chache ziwe za pembeni mwa picha. Rekebisha kwa vigezo vya lensi f, cx, cy, k1 hadi k3, p1 na p2. K4 na b1, b2 ziache zimezimwa, kwenye ardhi bapa zinaokota makelele. Soma RMSE ya alama za ukaguzi, siyo za kurekebishia. Kisha chora makosa hayo kwenye ramani ukiweka alama ya kujumlisha au kutoa. Yakiwa yamechanganyika, salama. Yakiwa hasi yote katikati na chanya pembeni, lile sinia limejitokeza, rudi kwenye kamera.

Kuondoa miti na vibanda tumia kichujio cha kitambaa cha programu ya CloudCompare, kinachotandaza kitambaa cha kuwazia juu ya ardhi, kitambaa cha mita 1 na kizingiti cha sm 10. Kitafuta pia baadhi ya matuta, maana tuta la sm 40 kwake ni kama kichaka. Kwa hiyo matuta na kingo za mifereji zichore kwa mkono juu ya ortofoto, chukua vimo vyake kwenye wingu lisilochujwa, ziingize kama mistari ya mkatiko kabla ya kutengeneza kontua. Mhandisi atakushukuru kwa mistari hiyo kuliko kwa rangi za ortofoto.

---

BawaNaPropela

Nakubaliana na mwenzangu ila kwa mita 80 muda unaongezeka kuliko inavyoonekana. Mistari inakaa mita 34, kipande cha hekta 60 hakiishi kwa betri moja tena. Kama mwanga wa asubuhi unadumu saa mbili na nusu tu, ni afadhali mita 100 kwa siku mbili zenye hali ileile kuliko mita 80 kwa siku nne ambazo upepo, unyevu wa udongo na mabua vinabadilika.

---

MchoraMifereji

Sawa. La mwisho: kuna aliyependekeza droni ya lida (inayopima kwa mionzi ya leza) ili kuepuka tatizo la mabua na matete ndani ya mifereji. Inafaa?

---

Wingu_la_Nukta

Kwa majaruba matupu haikuongezei kitu. Kelele ya lida nyingi ndogo ni sentimita kadhaa, sawa na picha zako. Kwa matete inasaidia kidogo: sehemu ya mionzi inapenya, lakini matete mazito yaliyosongamana hayaachi mwanya, na lida ya kawaida ya droni haisomi chini ya maji yenye tope.

---

Jiodesia_Nyanda

Sakafu ya mfereji ipimwe kwa miguu, hakuna njia ya mkato. Levo na fimbo, mkato mmoja kila mita 50 kwenye mfereji mkuu na kila mita 25 karibu na vigawio na kalavati. Kila mkato uwe na nukta zisizopungua 7: juu ya tuta pande zote mbili, ukingo wa maji pande zote mbili, vitako viwili (pale kila ubavu unapokutana na sakafu) na katikati. Fimbo iwe na kisahani chini, la sivyo inazama sm 10 kwenye tope na wewe unasoma tope badala ya sakafu. Nukta za ukingo wa maji zikipimwa siku moja, mfereji ukiwa umefungwa na maji yametulia, zinakupa pia kipimo cha bure cha vimo vyako: kwenye sehemu moja iliyofungwa kati ya vigawio viwili, zote lazima zisome kimo kimoja.